Baba Amelala

Bekarini walimwita Hamira, kwa sababu siku anaajiriwa alikuwa mwembamba kama ufito, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameumuka. Alikuwa mtu wa zamu ya usiku. Wenzake mtaani wakivuta shuka, yeye alikuwa anafunga aproni. Wakiamka kupiga mswaki, yeye ndiyo kwanza anarudi, ana unga hadi kwenye kope. Alioga, akanywa chai kikombe kimoja, akaanguka kitandani kama gunia. Chumba chao kilikuwa na mapazia mazito ya kahawia ambayo mkewe aliyashona mwenyewe ili jua lisimsumbue mume wake.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Kipenga. Jina la kwenye cheti lilikuwa jingine, lakini alipozaliwa alitoa kilio ambacho kilimfanya mkunga azibe sikio kwa bega na kusema, "Huyu kameza kipenga." Basi jina la cheti likabaki kwenye cheti. Sasa alikuwa na miaka miwili na ushee, mbio nyingi, na maneno mapya kila siku, ambayo mengi aliyajifunza baba yake akiwa usingizini.

Si kwamba Hamira hakumpenda. Alimpenda hadi wenzake wakamcheka. Kila alfajiri, kabla hajavua aproni, alichukua donge dogo la unga akamfinyangia mkate wake peke yake, mara umbo la samaki, mara la kobe, akauleta nyumbani umefungwa kwenye karatasi. Lakini akifika, mtoto bado amelala. Yeye akiamka, mtoto yuko kwenye beseni anaogeshwa au anakula mikononi mwa mama yake, na muda si muda saa ya kazi imefika. Baba na mtoto walipishana kama wapangaji wawili wanaotumia mlango mmoja.

Mambo yalibadilika kwa sababu mbili zilizokuja wiki moja. Kwanza, matofali ya ndani ya tanuri yalipasuka, na mafundi wakasema bekari ifungwe hadi walimalize. Pili, mkewe, aliyekuwa na mimba kubwa, alirudi kliniki miguu imevimba na presha imepanda. Aliambiwa alale, miguu juu ya mto, asinyanyue kitu, si ndoo, si mtoto.

Jumamosi asubuhi Kipenga alikuwa ameshamwaga sukari, ameficha kiatu kimoja cha mama yake ndani ya sufuria, na sasa alikuwa anajaribu kupanda kabati.

"Mpeleke bustanini," mkewe akasema kutoka kitandani. "Nyumba hii ameshaimaliza."

"Mimi?"

"Kuna baba mwingine humu ndani?"

Hamira akakuna kichwa. Hakuwahi kutoka peke yake na mtoto huyu, hata kwenda dukani.

"Sikiliza," mkewe akaendelea. "Barabarani usimwachie mkono, hata alie vipi. Maji, mpe kidogo kidogo. Zabibu zikate, asije akapaliwa. Kofia ataivua, mvalishe tena. Ataivua tena, mvalishe tena. Na lile bati la kutelezea, likipigwa na jua linakuwa kikaango. Liguse kwanza kwa mkono kabla hajapanda."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Hebu sema ulichoelewa."

Akarudia yote, hadi zabibu. Mkewe akaitikia kwa kichwa, ameridhika nusu.

Kipenga alivalishwa kaptura ya njano na viatu vyenye kamba. Wakati baba yake anahangaika na zile kamba, alimtazama kimya, vile mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja kusalimia na sasa anafungua mabegi. Mlangoni aligeuka akaita, "Mama?"

"Nendeni, mwanangu. Mama anapumzika."

Njiani mambo yalikwenda vizuri. Hamira alimshika mkono kama mtu aliyeshika yai. Kwenye kivuko alisubiri magari yote yapite, kisha akasubiri na yale yaliyokuwa bado mbali, hadi mwendesha baiskeli mmoja akamuuliza kama amekwama.

Bustani ilikuwa imezungukwa na ukuta mfupi. Ilikuwa na geti la chuma upande wa barabara, na mlinzi mwenye fulana ya kijani aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja. Ndani kulikuwa na nyasi, mabenchi, shimo la mchanga, bembea za watoto wakubwa, na bembea mbili ndogo zenye mnyororo wa mbele ili mtoto asichomoke. Hamira alimkalisha Kipenga kwenye mojawapo, akauvuta mnyororo kuhakikisha umeshika, akamsukuma taratibu.

Mara ya kwanza mtoto alikunja uso. Mara ya pili macho yakamtoka. Mara ya tatu akacheka kicheko kile kinachoanzia tumboni.

"Tena!"

Hamira akasimama kidogo. Lilikuwa neno la kwanza alilowahi kuambiwa na mwanawe bila mama kuwapo katikati. Akasukuma tena, na tena. Jasho likamtoka, shati likamganda mgongoni, naye hakujali. Kofia ikavuliwa, akaivalisha. Ikavuliwa, akaivalisha.

Kisha Kipenga akaliona bati.

Lilikuwa refu, linang'aa, na ngazi yake ilikuwa fupi, ya watoto wadogo. Hamira alikumbuka alivyoambiwa. Alimsimamisha mtoto pembeni, akaweka kiganja chake juu ya bati, akakituliza hapo, akakisogeza hadi chini. Aliona lina uvuguvugu tu, kama donge lililoachwa liumuke. Akaridhika. Akampandisha, akazunguka haraka kumpokea.

Kipenga aliteleza akicheka. Katikati ya bati kicheko kikageuka. Alipofika chini alikuwa anapiga kelele zilizompa jina lake. Nyuma ya mapaja, pale kaptura ilipopandia, ngozi ilikuwa imeanza kuiva wekundu. Hamira alinyoosha mikono amkumbatie. Mtoto akamwangalia, na aliyekuwa mbele yake ni mtu aliyempandisha kwenye moto. Akajichomoa, akatimua mbio.

Alikimbilia getini. Geti lilikuwa wazi, kwa kuwa gari la kumwagilia maua lilikuwa linataka kuingia na mlinzi alikuwa barabarani anamwongoza dereva. Hamira hakuwa amekimbia tangu shuleni, lakini siku hiyo alikimbia. Alimfikia hatua chache kabla ya geti, akamkwapua kwa nguvu, akamnyanyua juu.

"Niache! Sitaki! Nataka mama!"

Karibu na geti alikaa mama mmoja mtu mzima, mnene, kitambaa cha zambarau kichwani, akimwangalia mjukuu wake aliyekuwa mchangani. Kuhusu bembea na kofia hakuwa ameona lolote. Alichoona ni mwanamume anayehema, amembeba mtoto anayempiga ngumi na kuomba mama, na wako mlangoni. Akasimama.

"Wewe! Unampeleka wapi huyo mtoto?"

"Simpeleki popote, mama. Ni mwanangu."

"Mwanao mbona anakukataa?" Akapaza sauti. "Mlinzi! Funga geti!"

Mlinzi akalisukuma geti, dereva wa gari la maji akabaki nje anapiga honi. Watu wawili watatu waliokuwa kwenye nyasi wakasogea.

"Anaitwa nani?" mama yule akauliza.

"Kipenga."

Mama na mlinzi wakatazamana.

"Bwana, nimekuuliza jina la mtoto, si kifaa cha refa."

Hamira akataja jina la kwenye cheti. Akamwita kwalo, mara mbili, kwa sauti ya kubembeleza. Mtoto hakugeuka hata shingo. Tangu azaliwe hakuna aliyemwita hivyo.

"Na hii nini?" Mama alikuwa ameona mapaja. Sauti yake ikabadilika. "Umemchapa?"

"Hapana! Ni lile bati, lina moto. Niliweka mkono kwanza, nikaona halina kitu."

Mlinzi akaenda mwenyewe. Akagusa bati, akaurudisha mkono upesi akiupuliza. "Lina moto kweli, mama. Lakini mtu gani asiyesikia moto kama huu?"

Hamira akafungua kiganja chake cha kulia. Mama akakishika, akakibonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu, kina alama za trei za miaka mingi.

"Nafanya kazi bekarini," akasema.

Mama alikitazama kile kiganja kwa muda. Kisha akakiachia. "Mikono ya kazi hata mwizi anayo. Wacha nimuulize mwenyewe." Akainama, kwa shida ya magoti, hadi uso wake ukalingana na wa mtoto. "Mjukuu wangu. Nyamaza, mama. Huyu aliyekubeba ni nani?"

Kipenga alikuwa amechoka kulia. Alibaki na kwikwi. Akamwangalia yule bibi, akamwangalia Hamira.

"Baba amelala," akasema.

Watu wote wakageuka kumtazama Hamira.

"Mmesikia?" mama akasema polepole. "Baba yake yuko nyumbani amelala."

Hamira alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa polisi. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Angeweza kupiga kelele, angeweza kusukumana na watu akatoka. Badala yake akakaa chini, palepale kwenye kokoto, mtoto mapajani.

"Sitoki," akasema. "Geti liacheni limefungwa. Nitakaa hapa hadi mridhike. Lakini mtoto ameungua, naomba maji kwanza."

Mama akachukua chupa yake ya maji, akalowanisha leso yake, akaanza kuyapooza yale mapaja, akirudia na kurudia. Lakini hakuondoka pale alipokuwa, kati ya Hamira na geti. Kijana mmoja akatoa simu aanze kupiga picha. Mlinzi akamsimamishia mkono usoni. "Mtoto wa watu hapigwi picha hapa. Rudisha mfukoni."

Hamira akatoa simu yake, ya vitufe, isiyokuwa na picha hata moja ya kumsaidia. Akampigia mkewe. Ikaita hadi ikakata. Akapiga tena. Ikaita hadi ikakata. Mlinzi alianza kukuna shingo, akitazama barabarani kana kwamba mtu wa kumwamulia atatokea huko.

Ghafla simu ikalia. Mlinzi akanyoosha mkono aipokee, Hamira akaishika kwanza.

"Naomba kitu kimoja. Mke wangu ana mimba, na ana presha. Msimwambie kwa kishindo. Mwambieni kwanza mtoto ni mzima."

Mama wa kitambaa cha zambarau akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu wakutane. Akaichukua simu yeye, akaweka spika.

"Mwanangu, habari za nyumbani. Usiinuke hapo ulipolala. Mtoto mzima, anapumua, anakunywa maji. Mimi ni bibi tu wa hapa bustanini. Niambie, mwanao leo kavaa nini?"

"Kaptura ya njano," sauti ikasema, nzito ya usingizi, halafu ikaamka. "Na viatu vya kamba. Kofia nyeupe, lakini najua hanayo kichwani. Kuna nini?"

"Mama!" Kipenga akaruka, akataka kuingia ndani ya simu.

Mabega ya watu yakashuka. Lakini yule bibi hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. "Huku tumemkuta na mwanamume, mnene kidogo, anasema ni baba yake. Tumemuuliza mtoto, anasema baba amelala. Ndiyo maana nakuuliza."

Upande wa pili mkewe akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, na mwisho wa kicheko sauti ikawa nyingine.

"Mama, huyo ndiye baba yake. Hilo ndilo jina analomwita. Mume wangu anafanya kazi usiku, mchana analala, na mimi siku nzima ni hayo tu: nyamaza, baba amelala, usigonge, baba amelala, shuka hapo, baba amelala. Mtoto anadhani ndilo jina lake lote. Hata akiiona picha ya harusi yetu ukutani anaonyesha kidole anasema, Baba Amelala."

Mlinzi aliachia kicheko, akamwona Hamira, akakimeza. Hamira alikuwa ameinamisha kichwa juu ya nywele za mtoto. Hakulia, lakini ilibidi apumue kwa mdomo.

"Pumzika, mwanangu," bibi akaiambia simu. "Wako salama wote wawili."

Geti likafunguliwa, gari la maji likaingia, dereva akiwa na maneno yake. Waliokusanyika wakatawanyika. Bibi yule hakurudi kwenye benchi. Alijishusha taratibu akakaa kwenye kokoto, karibu na Hamira.

"Kusimama nilikosimama sikuombi radhi," akasema. "Kesho nikiona tena, nitasimama tena. Lakini nilisema umemchapa, na hujamchapa. Hilo unisamehe."

"Ungekaa kimya, mama, ningekuogopa zaidi," Hamira akajibu. "Huyu siku nyingine anaweza kubebwa na mtu mwingine kweli."

Bibi akacheka kidogo, akamwonyesha viganja vyake mwenyewe. "Mimi nilikuwa dobi. Pasi ya mkaa, miaka na miaka. Maji ya kuwaogesha wanangu nilikuwa siyapimi kwa kiganja, yangewachemsha kama viazi. Tumia kiwiko. Au shavu. Kiganja chako ni cha kazini, kiache kazini."

Mjukuu wake alikuja na kindoo cha maji, Kipenga akakiona, na maumivu yakasahaulika kwa kasi ile wanayoijua watoto peke yao. Wakahamia mchangani, upande wenye kivuli. Hamira alilowesha mchanga, akaukanda bila kufikiri, vidole vikienda vyenyewe. Akafanya mgongo, miguu minne, kichwa kidogo.

Kipenga akaacha kuchota. Akachuchumaa. "Kobe," akasema.

"Kobe."

"Kobe wa mkate."

"Ndiyo. Nani anakuletea kobe wa mkate?"

Mtoto alifikiri, akajibu kwa uhakika wote: "Mama."

Bibi akageuza uso akajifanya anamfuta mjukuu wake pua. Hamira akaanza kucheka, na alipoanza hakuweza kujizuia, na Kipenga, ambaye hakujua kinachochekwa, naye akacheka. Akamfinyangia samaki. Akamfinyangia na mwingine. Kipenga alijaribu kumla mmoja, Hamira akamwahi, akampa zabibu iliyokatwa, wakakaa pale hadi kivuli kilipohama.

Nyumbani mkewe alikagua mapaja ya mtoto kwa jicho la askari. Wekundu ulikuwa umepungua, hakukuwa na lengelenge hata moja. Akayapaka mafuta aliyopewa zamani na muuguzi, akamlaza. Hamira alikaa ukingoni mwa kitanda, akaichukua miguu ya mkewe iliyovimba, akaiweka mapajani mwake.

"Kwa nini hukuniambia ananiita hivyo?"

"Ulikuwa umelala," mkewe akasema.

Kisha mkewe akaweka mkono juu ya wake. "Mwanzoni niliona ni kichekesho. Baadaye nikaona nikikuambia utaumia, na zamu utaibadilishaje? Nikasema atakua, ataacha."

"Nami nilidhani nikimletea mkate ananijua."

"Anaupenda ule mkate."

"Anaupenda. Anadhani unauoka wewe."

Tanuri lilipokamilika, Hamira alikwenda kwa msimamizi kabla ya mtu yeyote kufunga aproni. Msimamizi alikuwa mtu mzuri lakini mgumu kama mkate wa juzi. Alisema watu wanataka mkate asubuhi, kwa hiyo mkate unaokwa usiku, na yeye hakuanzisha utaratibu huo. Hamira hakubishana. Alisimama tu, kofia mkononi, akaeleza kilichotokea bustanini, chote, hadi neno la mtoto. Msimamizi alimsikiliza huku anapanga trei ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mwishowe akasema, "Maandazi na keki zinaokwa mchana. Kuna mwenzako anataka usiku, ana masomo. Ongea naye. Mkielewana, nusu ya wiki kila mmoja. Na hayo maandazi yakiungua, utarudi usiku hadi ustaafu."

Wakaelewana. Siku za mchana Hamira alirudi jioni mapema, mtoto bado macho. Siku za usiku alilala asubuhi hadi mchana tu, kisha akafungua yale mapazia mwenyewe. Mwanzoni alikuwa anasinzia akiwa amesimama, mara mbili alimvalisha mtoto gauni kinyume. Aliimudu kazi ya kamba za viatu. Alijifunza kwamba Kipenga hapendi maziwa yenye utando, na kwamba akinyamaza ghafla chumba cha pili, ukimbie.

Jina halikubadilika siku moja. Kwa muda mrefu alikimbiwa mlangoni kwa kelele za "Baba Amelala!" na majirani wakavunjika mbavu. Kisha siku fulani, ambayo hakuna aliyeikumbuka baadaye, lile neno la pili likadondoka.

Mkewe alijifungua salama, mtoto wa kiume, mtulivu. Usiku aliokuwa hospitali na siku iliyofuata, Kipenga alikuwa na baba yake tu. Alilia kidogo wakati wa kulala, akashika sikio la baba yake, akalala. Mama alipoletwa nyumbani na kichanga kwenye blanketi, alikuwa amejiandaa kwa wivu na machozi. Akapiga magoti kwa taratibu, akafunua blanketi.

Kipenga alimtazama mdogo wake, akamgusa pua kwa kidole kimoja. Alimbusu mama yake shavuni. Kisha akatoweka chumbani, akarudi ameburuta viatu vyake, vyote viwili, akavitua miguuni mwa Hamira.

"Baba, nivalishe. Twende."

"Twende wapi, na mama ndiyo kwanza amefika?"

"Acha," mkewe akasema kutoka chini, akicheka huku anajifuta macho. "Nendeni. Nina mtoto wa kunyonyesha na nataka nyumba itulie."

Hamira akachuchumaa akaanza kufunga kamba.